Delhi kwa Siku Zisizo za Mashine

Jumapili, 28 Januari 2024

Kaka Hatibu kaja asubuhi na ratiba. Nilidhani ya hospitali. Kumbe ya kutembea! Delhi nzima kaipanga, leo hapa, kesho pale, utadhani anapeleka kidato cha pili Tongoni.

Ndivyo alivyo. Miaka yote ya kufundisha historia hajakosa kuwapakia wanafunzi kwenye basi – mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, Pangani kwenye boma – na kila mahali keshaandika: hapa nusu saa, hapa kula, hapa maswali. Nyumbani nako alitupanga hivyohivyo. Iddi pili kwenda Pangani, nani akae dirishani, nani abebe jamvi. Tulikuwa tunamcheka.

Sasa figo zake zote mbili zimeshakufa. Tangu mwaka juzi anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, na mishipa ya kuunganishia mashine inaziba mmoja baada ya mwingine. Madaktari wamesema njia ni kupandikizwa. Wifi Khairiya, mkewe, ana sukari, hafai. Mie ndiye ninayempa figo. Damu yetu kundi moja, vipimo vya huku vyote vizuri. Tunaondoka Jumamosi.

Kakaa pale mezani kwangu, katikati ya maboksi ya keki – nina harusi ya kesho, na krimu haijashika – ananiuliza nataka kuona nini. Nikamwambia mie naenda kukatwa, siendi kutembea. Akasema kukatwa ni siku moja, siku nyingine utafanya nini? Mashine ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Zilizobaki ni zetu.

Mtandaoni wameandika kwamba Ngome Nyekundu watu hukaa saa mbili mpaka tatu. Yeye kaandika saa moja. Nikamuuliza mbona moja.

"Hao wa saa mbili wana figo zao," akasema. Akacheka peke yake.

Mselem alikuwa mlangoni anavaa viatu, akajifanya hajasikia. Mume wangu karidhia, lakini maneno ya figo hayapendi.

Jumatano, 31 Januari

Dua ya safari imesomwa nyumbani kwa Mama. Nyumba ilijaa. Mama yetu, Bi Time, hana mtoto mmoja mtaa huu, wote wake, wote wamekuja.

Rama kaja toka Mwera, kule Pangani, na viroba viwili vya nazi. Kitinda mimba wetu. Kakaa barazani mpaka watu wakaisha. Naye damu yake ni kama yetu. Mwanzoni tuliulizwa wote wawili. Mie nikasema ndiyo palepale. Rama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hakuna aliyemlaumu. Mkewe Thuwaiba ana mimba, na mimba mbili kabla ya hii ziliharibika. Thuwaiba hana kwao hapa karibu, kwao Pemba. Tegemeo lake ni Rama na ile minazi.

Jikoni Thuwaiba kanishika mkono. Tumbo limeshuka, hawezi hata kuinama. Kaniambia, "Sikumkataza, wifi. Wallahi sikumkataza. Mie nalia tu, na yeye akiniona nalia huacha."

Nikamwambia yameshapita hayo, figo imepatikana, ajiangalie yeye na mtoto.

Kaka kanisindikiza mpaka kona, pole pole. Kasema jambo moja. Nisije nikamwomba Rama, hata ikiwaje. Nikamwambia mbona unanichimbia kaburi, figo si ninayo mie hapa? Akasema najua. Nasema tu.

Jumamosi, 3 Februari

Dar, uwanja wa ndege. Asubuhi Kaka kaunganishwa mashine hapahapa mjini, sasa tunasubiri kupaa. Kalala kwenye kiti, mdomo wazi, ratiba mfukoni.

Mama wakati wa kuagana alisema nimwangalie kaka yangu. Halafu akanivuta, akaniambia sikioni: na wewe jiangalie, mwanangu, mwili si kitambaa ukaukata vipande. Nikambusu mkono.

Naogopa ndege. Naogopa kisu. Sijui kipi zaidi.

Jumatatu, 5 Februari

Delhi. Baridi! Sweta za mitumba alizoninunulia Mselem nimezivaa mbili pamoja. Tumefikia nyumba ya wageni nyuma ya hospitali, vyumba vyote wagonjwa na ndugu zao. Chumba cha mkono wetu wa kulia wanatoka Iraki, cha kushoto baba mmoja wa Kisudani na mwanawe. Kila mtu anamsalimia mwenziwe kwa macho. Hakuna anayemuuliza mwenziwe anaumwa nini.

Hospitalini wamenitoa damu chupa sijui ngapi. Mkalimani ni kijana wa hukuhuku, Kiswahili kajifunza kwa wagonjwa. Anasema "pole sana" kila baada ya maneno matatu. Kesho naingizwa kwenye ile mashine ya duara ya kupiga picha, wanataka kuziona figo zenyewe zilivyo.

Kaka anasema ratiba inakwenda sawa. Jumatatu Ngome Nyekundu hufungwa, ndiyo maana Jumatatu kaweka vipimo. Kama vile hospitali ilimuuliza yeye kwanza.

Jumatano, 7 Februari

Leo tumetembea. Mnara wa Qutub.

Sikutegemea. Nilikwenda kumridhisha. Lakini ule mnara – mwekundu, unapanda unapanda mpaka shingo inauma, na maandishi ya Qur'ani yamechongwa kuuzunguka kama mshipi. Kaka kasimama chini anajaribu kusoma. Mstari mmoja kaupata, kausoma kwa sauti. Na mie nikajikuta namfuatisha. Machozi yalinitoka, sijui ya nini.

Aliupangia saa moja na nusu. Nusu saa haikufika akaanza kutafuta pa kukaa. Miguu imevimba, viatu kavifungua kamba. Ruhusa yake ya maji ni kile kichupa kidogo kwa siku nzima. Anasukutua, anameza tone, mengine anayatema. Mie nikaona haya kunywa mbele yake, nikaenda kunywa nyuma ya ukuta.

Wakapita wanafunzi, sweta za buluu, wawili wawili, wameshikana mikono. Mwalimu wao mbele, anapiga makofi, anawahimiza. Kaka akawatazama mpaka wakapotea. Halafu akasema yule mwalimu kakosea, kaanzia upande wa jua, watoto watachoka kabla hawajafika kwenye mnara.

Tumepiga picha mbili. Nimezituma kwenye grupu la nyumbani. Mama kajibu kwa sauti, anacheka: mgonjwa gani huyu, mbona anapendeza! Rama kaweka kidole gumba.

Ilikuwa siku nzuri. Niandike hivyo. Ilikuwa siku nzuri.

Alhamisi, 8 Februari

Figo yangu haifai.

Naandika hapa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine. Kaka yuko ndani.

Waliniita peke yangu. Daktari mwanamke, mpole, na mkalimani. Akageuza kioo nione. Figo ya kulia, kubwa, nzuri. Ya kushoto – kitu kidogo kama komamanga lililonyauka. Ndivyo nilivyozaliwa. Nyumbani walisema ninazo mbili na kweli ninazo mbili, ila moja haifanyi kazi ya kutajika. Hii moja ndiyo inayoniweka hai. Wakiitoa, na mimi nitaingia kwenye mashine.

Nikamwambia nakubali. Mkalimani hakutafsiri. Nikarudia, nakubali, mwambie. Akamwambia. Daktari akatikisa kichwa. Kasema hakuna daktari atakayenikata. Akaniambia ninywe maji kwa wingi, nipime presha kila mwezi. Mkalimani akasema pole sana, na safari hii naona aliimaanisha.

Nitamwambiaje?

(Baadaye.)

Nimemwambia. Nilingoja mpaka wamalize. Alikuwa kalala, mpira wa damu bado umebandikwa shingoni. Nilitaka kuanza mbali, nikashindwa, nikasema tu: Kaka, yangu haifai, moja ni mbovu tangu kuzaliwa.

Akanitazama usoni, utadhani anatafuta kitu. Halafu akasema:

"Wewe mwenyewe uko salama?"

Nikasema niko salama. Akauliza tena, una uhakika, wamekwambia uko salama? Nikasema ndiyo. Akafumba macho, akasema alhamdulillah. Alhamdulillah – mtu aliyepewa habari kama hiyo!

Mie ndiye niliyelia. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Ijumaa, 9 Februari

Nilidhani atakata tamaa. Nilidhani atasema turudi. Kaamka, kaoga, kavaa kanzu, kanigongea: leo Msikiti wa Ijumaa, umesahau?

Ngazi za ule msikiti ni ndefu. Alisimama mara kwa mara, anajifanya anatazama mji. Alipofika juu midomo ilikuwa ya kijivu. Akaingia kuswali. Mie nikakaa kwenye ngazi na akina mama wengine. Mmoja kanipa chungwa, hatukusikilizana neno hata moja.

Mama kapiga tukiwa bado palepale. Kaka kaichukua simu yeye. Nikamsikia: tumeswali, Mama, tumekuombea, msikiti mkubwa huo hujapata kuona. Mama akauliza vipimo. Akasema madaktari bado wanaendelea, mambo haya hayataki haraka. Akauliza operesheni lini. Akasema watatuambia. Akampa na salamu za kuku wa kuchoma wa Delhi, hana mpango hata wa kumwonja, chumvi hairuhusiwi.

Alipokata nikamwambia umemdanganya Mama. Akasema hajasema uongo hata mmoja, nihesabu mwenyewe.

Nikamwambia Rama yupo.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Akakaa ngazini chini yangu, akashika goti, akasema, "Nikimwomba Rama atakubali. Tangu mdogo hajanikatalia kitu. Ndiyo maana simwombi."

Nikasema basi mie nitamwambia tu hali ilivyo, sitamwomba. Akasema kumwambia ndiko kumwomba. Kanichukulia ahadi palepale, mlangoni mwa msikiti, siku ya Ijumaa. Sitasema neno. Nikaahidi. Sijui kwa nini niliahidi! Alikuwa anahema, nilitaka anyamaze apumzike.

Jioni kaifungua ratiba, kaifuta yote, kaanza upya. Anasema sasa tuna nafasi. Hakuna operesheni, hakuna kulazwa. Tiketi za kurudi ni mwisho wa mwezi. Ngome Nyekundu kaipa siku nzima.

Jumamosi, 10 Februari

Daktari mkuu kamjia kitandani kwenye mashine. Mie nilikuwepo. Walizungumza Kiingereza, mwenye Kiingereza ni Kaka, lakini na mie siyo kiziwi. Daktari kauliza kama kuna ndugu mwingine, kaka, dada, yeyote wa damu.

Kaka akajibu, hakuna.

Mbele yangu. Hakunitazama. Daktari akaandika. Nilikuwa nimesimama na koti lake mikononi kama mtumishi.

Daktari kasema basi arudi nyumbani aendelee na mashine. Ila mishipa. Mishipa iliyobaki si mingi. Hilo alilisema mara mbili.

Jumapili, 11 Februari

Ngome Nyekundu, tangu saa nne mpaka jua kupungua.

Kuta zenyewe unaweza kuzitembea ukachoka kabla hujafika langoni. Ndani kuna kumbi za marumaru, nguzo nyeupe zimenakshiwa maua, mengi yamekwanguliwa. Kaka kasema katikati ya sakafu palipita mfereji wa maji, maji yakitiririka vyumba vyote, wafalme walikaa humo wakati wa joto. Mfereji sasa mkavu. Akautazama sana. Nikajua ana kiu.

Tulikwenda hatua chache, tunakaa. Tukikaa anazungumza, tukisimama ananyamaza. Mchana nikamwambia inatosha. Akasema bado. Alasiri nikamwambia twende, una homa, nauona uso. Akasema bado hajaona bustani ya nyuma. Nikamwambia bustani ya nyuma ni nyasi tu, kama nyasi zozote.

Hapo nikagombana naye. Mie, ambaye sijawahi kumpandishia sauti kaka yangu. Nikasema unanizungusha kwenye majumba ya wafalme waliokufa ili nisipate nafasi ya kufikiri, unapiga picha unamtumia Mama, Mama anawaonyesha majirani, na mie nimefungwa mdomo. Unataka nifanye nini, Kaka? Niambie kitu kimoja ninachoweza kufanya nikifanye.

Watu waligeuka. Akangoja nimalize.

"Nishike mkono twende kule bustanini," akasema.

Nikamshika. Tukaenda. Nyasi tu, kama nilivyosema. Akasimama pale akapendezwa nazo kabisa, akavua viatu akazikanyaga.

Picha ya nyasi pia kaituma. Mama kasema, huko kwenu hakuna hata mchicha?

Jumanne, 13 Februari

Siku mbaya. Mashine ilikatika katikati, mpira wa shingoni umeziba. Wamemtoboa upya, upande wa pili. Damu hawakuisafisha hata nusu. Kesho hatutoki.

Sina la kuandika.

Jumatano, 14 Februari

Amelala mchana kutwa. Uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Maji hayana pa kutokea, yanabaki mwilini. Nikimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo.

Nimeshika simu mara nyingi leo. Natafuta jina la Rama, nalitazama, naifunga simu. Ahadi ya ngazi za msikiti. Najiambia ahadi ya mgonjwa haifungi. Najiambia inafunga zaidi. Wifi Khairiya kanipigia, naye keshaambiwa na mumewe asiseme. Analia kimyakimya watoto wasisikie. Tukawa wawili, kila mmoja na simu yake na siri yake.

Mselem kasema rudi, umefanya uliloweza. Sijafanya lolote. Nimebeba koti.

Alhamisi, 15 Februari

Thuwaiba kajifungua! Alfajiri, Pangani. Mtoto wa kiume, mzima, na mama mzima.

Rama katuma sauti kwenye grupu. Mwanzo unasikia tu anapumua na kichanga kinalia nyuma. Halafu: "Kaka, tumempa jina lako. Anaitwa Hatibu. Thuwaiba ndiye aliyetaka."

Nilimpelekea Kaka pale kwenye mashine, nikamwekea sikioni. Kaisikiliza. Akataka tena. Akataka tena. Mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini, Kaka akamwonyesha picha ya mtoto, akamwambia kwa Kiingereza, huyu ni mimi.

Baadaye akanitazama. Nilijua anachotaka kusema.

"Mtoto ana siku moja duniani, Sabiha. Humwambii baba yake kitu."

Nikaitikia kwa kichwa. Furaha ilikuwa hapo na ile nyingine ilikuwa hapo, zimekaa kifuani kama wake wenza. Sikuweza kuifukuza yoyote.

Mashine leo imekwenda vizuri kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 16 Februari

Niko kwenye kaburi la Humayun, bustanini, juu ya nyasi. Naandika hapahapa, maana sijui kama jioni nitaweza.

Daktari alisema apumzike. Kaka akasema atapumzikia huku. Alitaka mahali hapa tangu Tanga, akisema majumba yote mengine wafalme walijijengea wenyewe wakiwa hai, hili mke ndiye aliyemjengea mumewe. Kwenye ratiba lilikuwa na saa moja. Leo nilipomuuliza tutakaa mpaka saa ngapi akasema tutaona. Sijawahi kumsikia Kaka Hatibu akisema tutaona.

Jengo ni kubwa, jekundu na jeupe, na kuba lake limetulia juu ya miti. Ngazi za kwenda juu ni za mwinuko mkali. Hakuzijaribu. Kazitazama, akageuka, akachagua pa kukaa kwenye ukingo wa mfereji, akaniambia nimpige picha hapa, kuba lionekane nyuma, atamtumia Rama amwonyeshe mtoto. Akavua kofia, akaivaa, akainyoosha.

Nikainua simu. Nikamvuta karibu kwenye kioo mpaka uso wake ukajaa.

Ndipo ujumbe ukashuka kutoka juu, ukafunika paji la uso wake. Wa Rama. Siyo kwenye grupu, kwangu peke yangu.

Dada, nimezitazama picha zote tena usiku. Ile ya nyasi na zile nyingine za ngome. Kaka amevimba uso. Mnasema mambo mazuri. Niambie kweli.

Kaka akauliza mbona sipigi. Nikapiga. Akasema piga nyingine, ile alifumba macho. Nikapiga. Akasema zile ngazi pia, nizipate, nikapiga na ngazi. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Halafu akasema anaegemea mti kidogo, nisimwache alale zaidi ya robo saa. Akalala papo hapo, mdomo wazi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Nikabaki na simu mkononi. Nikaandika: Rama. Nikafuta. Nikaandika: tuko salama. Nikafuta. Niliahidi sitasema neno. Aliyeniahidisha kalala hapa hatua mbili, kifua kinapanda kwa shida, mguu mmoja hauna kiatu kwa sababu hauingii. Na Mwera kuna mwanamke aliyejifungua jana, kakaa kitandani na kichanga, mume yuko mlangoni anasubiri simu.

Nilitamani mtu mzima atokee aniambie la kufanya. Kisha nikakumbuka kwamba mtu mzima ni mie. Kwetu, mtu mzima wa kuulizwa alikuwa huyu huyu.

Sikuandika neno. Nimemtumia Rama ile picha ya kwanza. Ya karibu. Uso mtupu, bila kuba, bila ngazi.

Kaka bado kalala. Robo saa imepita zamani, sijamwamsha.

Rama ameiona. Tiki zote mbili za buluu. Juu pale pameandikwa anaandika. Pakaacha. Pameandikwa tena anaandika. Pameacha.

Anaandika.